Picha ya Nane

Watu wa Mbugangari, mtaa wetu wa Gisenyi, walinisifu kwa jambo moja: sikati mtu. Miaka ile ya hamsini, mkazi wa Gisenyi akipigwa picha alitaka kujiona mzima, kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, mikono yote miwili, na ikiwezekana baiskeli pembeni. Ukimpa picha ya kichwa na kifua tu, atakuuliza miguu yake umeipeleka wapi, na atakuuliza mbele za watu. Kuna mpiga picha aliyekuja kutoka Bukavu akampiga bibi harusi mpaka kiunoni. Mwezi uleule bibi harusi akateguka kifundo cha mguu kwenye mawe ya volkano, na yule bwana hakuonekana tena mjini. Mimi nilikuwa mwangalifu. "Nenda kwa yule fundi wa kofia nyeupe," watu waliambiana, "yule hakati." Niliipokea sifa hiyo miaka na miaka, natabasamu, huku nikijua kwamba nimemkata mtu mmoja, na nimemkata vibaya kuliko wote.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa cherehani. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na kibaraza cha ushonaji, na mimi nilikaa kwenye mashine ya pili, ile yenye kanyagio bovu. Ukoo wetu ulifika na biashara ya nguo, na wengine tukabaki na nguo bila biashara. Kamera ilinijia kwa njia ya suruali. Mgiriki mmoja mwenye duka Goma, upande wa pili wa mpaka, ng'ambo ya Grande Barrière, alishonewa suruali mbili na mjomba, akafurahi mno, akatupatia kama zawadi kamera yake ya zamani. Lilikuwa sanduku jeusi tu, na jicho moja mbele, kidirisha chekundu mgongoni cha kuonyesha namba, na kitufe cha kuzungusha filimu. Filimu moja ilitoa picha nane. Mjomba aliligeuza mara mbili, akalisogeza kwangu kwa mguu, akasema, "Chukua, ni ya watu hawana kazi."

Hakuna aliyenifundisha. Filimu ya kwanza ilitoka na kivuli changu tumboni kwa kila mtu. Ya pili nilisahau kuzungusha kitufe, watu saba wakakaa katika picha moja, bega juu ya bega, macho kumi na manne, na yule Mgiriki, aliyenisafishia filimu, akaniuliza kama hao ni mashetani wetu. Ya tatu nikaanza kuelewa, na kilichonifungua macho hakikuwa kamera, kilikuwa uzi. Fundi akitaka kujua kama uzi unalingana na kitambaa, hauangalii ndani ya duka. Anauchukua mpaka mlangoni, pale kivuli kinapoishia na barabara inapoanza. Pale rangi haidanganyi. Basi nikaanza kuwasimamisha watu palepale mlangoni, uso umeelekea barabarani, na nyuso zao zikatoka zina mashavu na mawazo, hazikuwa tena sahani nyeupe. Mjomba alinicheka. "Bon, sasa we unashona watu." Lakini yeye mwenyewe alipigwa mara mbili.

Kingine kilichonisumbua kilikuwa kalenda ukutani kwa yule Mgiriki. Ilikuwa na mlima wenye theluji na ziwa chini yake, na hakukuwa na mtu hata mmoja. Nilisimama mbele yake mpaka mwenye duka akadhani nataka kuiiba. Picha isiyo na mtu! Nani aliiagiza? Nani ataiweka sandukuni? Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na ile kalenda, na kesho yake nikatafuta sababu ya kwenda tena Goma kuiangalia.

Halafu akatokea mke wa daktari, Mbelgiji, aliyekuwa akileta magauni yake kupunguzwa. Siku moja wakati anasubiri alizipitia picha zangu zote, moja moja, kwenye meza ya kukatia. Alizungumza Kiswahili cha sokoni. "Mingi muzuri," alisema. "Lakini yote sawa askari kwenye paredi. Hii ni watu wanataka. Wewe, macho yako inaona nini?" Akasema anarudi Ulaya mwisho wa mwezi, na kabla hajaondoka nimletee picha moja tu, ya macho yangu.

Nilikuwa kijana na nilikuwa na kiburi, na swali lile lilinikaa kama mfupa wa samaki. Nikajiwekea utaratibu: katika kila filimu, picha saba ni za watu, ya nane ni yangu. Mjomba akauita ulevi. Picha zangu za nane za mwanzo zilikuwa aibu tupu: moshi wa pasi ya mkaa usioonekana, mvua iliyotoka kama mikwaruzo, kikapu cha samaki ambacho hata mimi nilishindwa kujua kipi ni kichwa. Mwezi ukawa unakwisha. Kwa Mgiriki filimu zilikuwa zimeisha, mzigo mpya uko njiani, na mimi nilibakiwa na namba moja tu kwenye kidirisha chekundu.

Asubuhi moja baada ya siku tatu za mvua nikaamka, nikaona ukungu umelala chini kabisa, nikajua ziwani leo kuna kitu. Nikashika sanduku langu, nikaenda Rubona, ufukweni. Kiwanda kikubwa cha pombe kilichoko huko leo kilikuwa hakijajengwa bado. Palikuwa na mchanga, mitumbwi, na wanawake wanaosubiri samaki. Maji yalikuwa yametulia, ukungu umenyanyuka kiasi cha urefu wa mtu, na chini yake ziwa likang'aa. Mitumbwi mitatu ilikuwa imefungwa pamoja, mitupu. Ilikuwa ile kalenda, lakini ilikuwa yetu.

Nikiwa natafuta pa kusimama, nikasikia mtu ananiita kwa nyuma. Alikuwa mama mmoja muuza samaki, mjane, niliyemfahamu kwa sababu alipita barazani kwetu kila siku ya soko, rozari shingoni na kikapu kichwani. Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa pekee, kijana mrefu aliyekuwa tayari na ndevu mbili tatu. Kijana alivaa shati jeupe jipya, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate.

"Fundi," mama akasema, "ni Mungu amekuleta. Mutoto yangu anaenda Katanga, kwenye machimbo. Boti ya Bukavu iko inatoka sasa hivi. Mupige picha. Muzima, na miguu."

Nikaangalia ukungu. Ulikuwa unapanda.

"Mama, filimu imeisha," ningeweza kusema. Ilikuwa karibu kweli. Lakini alikwisha kuliona sanduku, na aliendelea kusema, haraka, kama mtu anayeomba radhi. "Baba yake alikufa bila picha. Sauti yake ninasikiaka mpaka leo. Uso, hapana. Nafunga macho, uso haikuje. Sitaki huyu pia anitoke hivyo."

Niliyasikia maneno hayo vizuri. Nayasema hapa ili asinitetee mtu kwa kudhani kwamba sikuelewa. Nilielewa kila neno, na bado nikawa nahesabu ukungu umebaki wa dakika ngapi.

Sisi wapiga picha tuna ujanja wa kuwatuliza watu wanaokusanyika kwenye harusi wakidai nao wapigwe: unaziba jicho la kamera kwa kidole, unabonyeza, kamera inalia ka! na wote wanaondoka wamefurahi. Tunaita kupiga hewa. Ni mchezo tu, hakuna anayekuja kudai. Nikamsimamisha kijana kwenye mchanga, nikamwambia anyooshe mikono, nikamrekebisha kola kama fundi wa kweli, nikarudi nyuma mpaka miguu yake yote iingie. Halafu nikashusha kidole cha kati mbele ya jicho.

"Fundi," mama akasema pembeni, kwa adabu sana, "kidole yako iko mbele."

"Ni ya kuzuia jua, mama."

"Aa. Bon."

Jua lenyewe lilikuwa bado halijatoka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, usipumue, nikabonyeza. Kijana alitabasamu baada ya mlio, si kabla, kama wanavyofanya wote ambao hawajazoea. Akamkumbatia mama yake, akakimbilia boti na kifurushi chake. Mimi nikageuka upande wa pili nikazungusha kitufe kutoka namba saba, iliyokwisha kupigwa, mpaka namba nane.

Nilipata nilichotaka, karibu. Mitumbwi mitatu, ukungu, maji yanayong'aa. Lakini ile boti ilikuwa inatoka pole pole upande wa kushoto, inaingia katika picha yangu na moshi wake na watu wake waliojazana. Niliisubiri ipite. Haikupita. Niliitukana kwa sauti, ukungu ukawa unakatika vipande, na mwishowe nikabonyeza ilivyo.

Filimu iliposafishwa niliishika mlangoni, kwenye mwanga wangu wa uzi, nikaona ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kufanya, isipokuwa pembeni kushoto. Pale palikuwa na nyuma ya boti, na watu wadogo kama punje za mtama. Mmoja amesimama, mkono ameuinua juu, shati lake limegeuka doa jeusi, maana kwenye filimu kila cheupe huwa cheusi. Nilikasirika. Doa lile lilivuta jicho, likaharibu utulivu wote. Basi nikafanya anachofanya fundi wa nguo kitambaa kikizidi. Nikachukua mkasi wa mjomba nikaikata filimu yenyewe, mstari ulionyooka kabisa, upana wa kidole kimoja. Kipande kikaanguka chini kati ya mabaki ya vitambaa. Sikujua wakati ule kwamba wenye ujuzi hufunika pembeni kwa karatasi nyeusi wakati wa kuchapa, na filimu inabaki salama. Nilikuja kulijua hilo peke yangu miezi minne baadaye, na siku ile niliyolijua sikula, kwa uchungu wa filimu tu.

Mke wa daktari aliisogeza picha mlangoni, kisha akasema, "Sasa naona macho yako." Alichukua nakala moja, na alipoondoka akaniachia trei tatu, dawa, na karatasi za kuchapia. Kwa vitu hivyo nikajifunza kuchapa mwenyewe, nikaharibu nusu, nusu nyingine ikanifanya mpiga picha. Nakala yangu, kubwa kama ukurasa wa daftari, niliitia fremu nikaitundika barazani. Wateja waliuliza, "Huyu ni nani?" Niliwajibu, "Si mtu." Walicheka, lakini walisimama kuiangalia, na waliosimama waliishia kupigwa. Naweza kusema kazi yangu yote ilitoka katika picha ile. Nimelisema mara nyingi, kwa majivuno, na kila mara nasema nusu yake tu.

Maana siku ya soko iliyofuata yule mama alikuja. Kanga yake imefungwa vizuri, uso umeng'aa. "Fundi, ya mutoto imetoka?"

"Bado, mama. Haijatoka."

Nilidhani atachoka. Lakini yeye hakuwa na sababu ya kunishuku, na alilichukua neno langu kama lilivyo: haijatoka, basi imo ndani. Akainama mbele ya rafu nilipoliweka sanduku, akaweka kiganja juu yake taratibu, akasema kwa Kinyarwanda, "Amakuru, mwana wanjye?" Alikuwa akimjulia hali mwanawe. Kisha akatoa samaki wawili waliofungwa kwenye jani la mgomba. "Ya kwako, fundi. Kazi yako ni nguvu."

Alikuja hivyo kila siku ya soko, zaidi ya mwaka. Kiganja juu ya sanduku, salamu, samaki. Mjomba aliwala samaki wale na kuwasifu. Mimi niliviringisha ugali na mboga nikasema nina kiungulia. Kitu kibaya zaidi ni kwamba alikuwa msemaji wangu wa hadharani. Akinikuta nampiga mtu juani, husimama pembeni akaweka mkono wake kando ya kamera, juu, na kuwaeleza watu: "Hivi ni ya kuzuia jua. Mi najua. Hata mutoto yangu alimupiga hivi." Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilibonyeza huku jasho linanitoka kwapani.

Kwa nini sikusema? Nimejitafutia majibu mazuri, hakuna hata moja lililosimama. Mwanzo niliona aibu. Baadaye nikajiambia kijana atarudi likizo, nitampiga picha kumi, miguu na yote, na jambo litaisha lenyewe. Nilikuwa namsubiri yule kijana pengine kuliko mama yake.

Hakurudi. Mtu wa Rubona aliyetoka kulekule machimboni ndiye aliyeleta habari: homa, siku nne, wamemzika hukohuko. Habari zilifika mjini Jumatatu. Siku ya soko nililisikia kapu likiwekwa barazani, nikatamani kuingia chini ya meza ya kukatia.

Hakulia. Hakulisalimia sanduku pia. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Fundi, sasa mutoe. Hata kama hajaiva. Hata kama ni jicho moja tu, mi nitamutambua."

Mjomba aliacha kukanyaga mashine. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia kuhusu kidole, kuhusu jua ambalo halikuwapo, kuhusu filimu iliyobaki namba moja. Sikupamba. Nilipofika mwisho nikarudia lile la kidole mara ya pili kama mjinga.

Alizungusha rozari bila kuisali. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Ile nafasi yake, uliweka nini?"

Nikaishusha picha ya ziwa ukutani nikamwekea mezani. Sikuweza kuinua macho, kwa hiyo niliangalia kidole chake. Kilikuwa na makovu ya miiba ya samaki. Kilipita juu ya mtumbwi wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Hii ni ile asubuhi," akasema. "Hii ni mutumbwi ya shemeji yangu. Mi nilikuwa nimesimama huku nyuma yako." Kidole kikaenda kushoto, pole pole, juu ya maji, kikafika ukingoni, kikapita juu ya mbao ya fremu, kikashuka mezani, kikaendelea upana wa kidole kimoja, kikasimama juu ya mbao tupu ya meza.

"Boti ilikuwa hapa," akasema. "Alikuwa amesimama. Alikuwa ananipungia."

Nikaliona lile doa jeusi lenye mkono juu. Nilikuwa naye. Bila kutaka, huku nikimtukana, nilikuwa nimempiga picha, mzima, mdogo kama punje, na nikamkata kwa mkasi kwa sababu alinichafulia maji.

"Fundi. Boti iko wapi?"

Nilikuwa nimetoka kukiri sasa hivi. Mlango ulikuwa wazi, ningeongeza sentensi moja tu. "Ilikuwa imekwisha kupita, mama," nikasema.

"Aa," akasema. "Basi ilienda mbio."

Akajitwika kapu lake akaenda. Mjomba, aliyeniona siku ile na mkasi, aliinuka, akaliburuta gunia la mabaki ya vitambaa katikati ya chumba, akakaa tena. Nililimwaga sakafuni nikachambua uzi kwa uzi, nikijua fika kwamba mabaki ya mwaka ule yalikwisha kujazwa kwenye mito ya kulalia tuliyoshona na kuuza sokoni. Wiki nzima nilizunguka Mbugangari nikiwaomba watu niwashonee upya mito yao. Walidhani ni wema. Niliipasua kumi na moja. Nilipata vifungo, sindano iliyovunjika, na kipande cha gauni la mke wa daktari.

Siku ya soko iliyofuata sikumtarajia, lakini alikuja. Picha nilikuwa nimeirudisha ukutani, kwa kuwa mjomba alisema nikiificha nitakuwa nimemficha mtu mara ya tatu, baada ya kidole na mkasi. Mama hakuliangalia sanduku. Hakuniangalia mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akasimama, akapima kwa jicho kama anavyopima samaki, kisha akaweka kiganja ukutani, nje ya fremu, upande wa kushoto, juu ya chokaa tupu.

"Amakuru, mwana wanjye?" akasema.

Mimi ni fundi, napima kwa macho. Alikuwa ameweka mkono palepale.